Kabla Ununue Preseti Nyingine, Sikia Hadithi ya Shirley

Kuna sentensi inasikika kwa kila shughuli ya mtaa, iwe harusi, mahafali ama bathdei: "Mimi usinipige, huwa sitoki vizuri kwa picha." Sasa angalia anayesema ni nani. Mara nyingi ni yule msee mweusi tititi, ama yule dada ambaye akipigwa kando ya rafiki yake mwenye ngozi nyepesi, rafiki anatoka safi na yeye anatoka kivuli chenye meno. Watu humfariji wakisema ni engo. Wengine wanacheka tu. Na yeye pole pole anaanza kuamini shida ni sura yake.

Engo haina makosa, na sura yake haina makosa. Hapo kuna historia. Leo nataka tuipitie, kwa sababu inagusa kamera uliyonayo mkononi, lenzi unayotamani, na ile programu unayotumia kuediti.

Sisi wapenda kamera tunaweza bishana hadi asubuhi: Sony ama Canon, f/1.4 ama f/1.8, Lightroom ama Capture One. Lakini kuna swali hatuulizi: hii mashine ilifunzwa kuona ikitumia sura ya nani? Nikikwambia jibu utaelewa kwa nini naona kamera za mirolesi, yaani hizi zisizo na kioo ndani, ni kitu kikubwa kuliko uzito wake mdogo kwa begi. Na pia utaelewa kwa nini naona tunaiuza hiyo bahati kwa bei ya preseti.

Mwanamke aliyeitwa "kawaida"

Twende Rochester, jimbo la New York, nyumbani kwa Kodak. Filamu yao ya rangi ya Kodachrome ilitoka mwaka 1935. Kwa miaka mingi, Mmarekani akinunua filamu ya rangi ya Kodak alikuwa analipia na kusafishwa kwake hapo hapo: ukimaliza kupiga unairudisha kwao, wao wanasafisha, unapata picha zako. Mwaka 1954 serikali ya Marekani ikawabana kwa sababu ya kuhodhi soko, ikabidi watenganishe bei ya filamu na bei ya kuisafisha. Maabara za watu wengine zikaingia kwa hiyo biashara. Na kila maabara ilikuwa na shida moja: nitajuaje kama rangi zangu ziko sawa?

Kodak ikawatumia jibu kwa kadi. Juu ya kadi kulikuwa na picha ya mwanamke mzungu, amevaa vizuri, amezungukwa na rangi kali za kulinganishia. Wa kwanza alikuwa Shirley Page, modeli wa studio ya Kodak yenyewe. Baadaye wanawake wengine walichukua nafasi yake, lakini mafundi wa maabara waliendelea kuziita hizo kadi "Shirley". Fundi anasafisha filamu, anaweka picha kando ya kadi, anaangalia ngozi. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, basi mashine iko sawa, kazi iendelee. Nyingine zilikuwa zimeandikwa pembeni neno la Kiingereza lenye maana ya "kawaida".

Shika hilo neno, kwa sababu ndilo kiini cha hadithi yote. Hakuna mtu aliketi Rochester akasema tuwaharibie watu weusi picha. Walichagua tu mtu mmoja kuwa kipimo, na kila mwingine akawa tofauti na kipimo.

Matokeo yalionekana haraka kwa picha za shule. Weka mtoto mweupe na mtoto mweusi kwa fremu moja, filamu ya wakati huo ikimpata mmoja inampoteza mwingine. Wa kwanza anatoka na kila kitu, mashavu, nyusi, kicheko. Wa pili unaona macho na meno. Wazazi weusi Marekani walilalamika.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Manze hiyo ni fizikia, ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo, kemikali haina ubaguzi." Sawa, nusu ya hiyo ni kweli. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo, na filamu ina mipaka yake. Lakini sikia ni nani alifanya mipaka isogezwe. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia kule Canada alichapisha mwaka 2009 utafiti wake kuhusu kadi za Shirley, baada ya kuongea na watu waliofanya kazi Kodak. Waliomwelezea walisema presha iliyosikika ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha. Wa chokoleti walitaka tangazo lionyeshe tofauti ya chokoleti nyeusi na ile ya maziwa. Wa fanicha walitaka mteja atofautishe mbao moja na nyingine. Filamu ikaboreshwa, kahawia zikaanza kuonekana. Kodak ilipokuja kuisifu filamu yake mpya, maneno waliyotumia yalihusu kunasa farasi mweusi kwa mwanga hafifu.

Rudia hapo. Chokoleti, kabati, farasi. Kemikali iliweza kubadilika wakati wote, ilingoja tu mteja ambaye kampuni ilimhesabu kuwa mteja. Kufikia miaka ya 1990 Kodak ilikuwa imetoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti pamoja. Hesabu kutoka 1954. Hiyo ni karibu miaka 40.

Waliokataa

Si wote walinyamaza. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Massachusetts, mwanakemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, waligundua kuwa mitambo ya kampuni yao ilikuwa inahusika na picha za vitambulisho Afrika Kusini, wakati ambapo Mwafrika bila pasi yake alikuwa anakamatwa. Walianzisha vuguvugu la wafanyakazi na kuitisha ulimwengu ususie Polaroid. Mwaka 1977 kampuni ikaondoka Afrika Kusini kabisa. Hapo kamera haikuwa imemsahau Mwafrika. Ilikuwa inamwona vizuri sana, lakini kwa kazi ya kumdhibiti.

Karibu na wakati huo huo, mwongozaji filamu Mfaransa Jean-Luc Godard alialikwa Msumbiji, nchi iliyokuwa imepata uhuru 1975 na ilikuwa inafikiria televisheni yake itakuwaje. Inajulikana kuwa alikataa kutumia filamu ya Kodak huko, akisema ina ubaguzi. Wakati huo wengi waliona ni maneno tu ya mzee mkali. Leo, ukijua ya Shirley, unaona alikuwa anaongelea kitu cha kupimika.

Na huku kwetu? Hapa ndo napenda hii historia zaidi, kwa sababu watu wetu hawakukaa wakingoja Rochester. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambapo watu wa Pwani walienda wakiwa wamevaa nguo zao bora. Lamu kulikuwa na studio ya Bakor, iliyojulikana kwa picha za kuunganishwa kwa mkono, kukata na kubandika, kabla mtu yeyote hajasikia neno Photoshop. Mbali huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akapiga watu wake uani kwa mwanga wa mchana. Tafuta hizo picha za Keïta uzitazame kwa utulivu. Ni nyeusi na nyeupe, vifaa ni vya zamani, na bado unaona mashavu yanang'aa na kila mkunjo wa kitambaa. Mashine ilikuwa na mipaka ile ile. Fundi ndiye alijua ngozi anayoipiga, akajua amsimamishe wapi.

Ningependa hilo libaki akilini tunapofika kwa kompyuta.

Kutoka kemikali hadi namba

Desemba 1975, injinia mmoja wa Kodak, Steven Sasson, alimaliza kuunda kamera ya kidijitali. Picha ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mwaka uliofuata, mwenzake Bryce Bayer akapata hataza ya kichujio cha rangi ambacho hadi leo kiko ndani ya karibu kila kamera na simu: vijisehemu vidogo juu ya sensa, nusu yake kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kijani ni nyingi kwa sababu jicho la binadamu linasoma undani zaidi upande huo.

Sensa yenyewe haijui ngozi. Inahesabu mwanga tu. Lakini hesabu si picha. Lazima mtu aamue: namba hizi zikipikwa, kahawia iwe hivi, nyekundu iwe vile, kivuli kianzie hapa. Hiyo resipe inaandikwa na binadamu, na binadamu anaijaribu na picha fulani.

Picha gani? Mwaka 1973, watafiti katika Chuo Kikuu cha Southern California walihitaji picha ya kujaribia kompyuta, wakaskani uso wa modeli wa Kiswidi, Lena, kutoka toleo la 1972 la jarida la Playboy. Hiyo picha ikawa ya majaribio kwa miaka na miaka katika sayansi ya picha. Mwaka 1988 John Knoll alimpiga picha mpenzi wake Jennifer ufukweni Bora Bora, na hiyo ndiyo picha yeye na ndugu yake Thomas walitumia kuonyesha watu programu yao mpya. Programu ilitoka Februari 1990, ikaitwa Photoshop.

Shirley, Lena, Jennifer. Wanawake watatu, kazi moja, na ngozi zote ni nyepesi. Sisemi hao akina dada walikosea kitu, hawakuulizwa hata. Nasema ukitaka kujua "kawaida" inajengwaje, hivi ndivyo. Inaanza na picha iliyokuwa karibu na meza ya mtu.

Siku kioo kilitoka

Sasa tuje kwa kamera yenyewe. Kwa nusu karne hivi, kamera ya kazi ilikuwa ile yenye kioo ndani. Nikon F ya 1959 ndiyo iliyowapa wanahabari wengi hiyo mashine. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo kilicholala kwa nyuzi 45, unapanda juu hadi jichoni mwako. Ukibonyeza, kioo kinaruka, klak, mwanga unafika kwa filamu. Kamera za kidijitali za mwanzo zilibeba muundo huo huo, filamu ikatolewa, sensa ikawekwa.

Shida ya kioo ni hii: ulichokuwa unaona kwa dirisha ni dunia. Picha yenyewe hujaiona. Uamuzi wa mwanga ulikuwa unafanywa na kipima mwanga, na kipima mwanga kina tabia moja ya ajabu: kinadhani kila kitu mbele yake, ukikichanganya pamoja, ni kijivu cha katikati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kinaona mwanga ni mwingi, kinapunguza, uso unazama. Mpige uso pekee ujaze fremu, kinaona giza ni nyingi, kinaongeza, ngozi inapauka kama imepakwa majivu. Mara zote mbili kamera inaamini imefanya kazi nzuri. Na wewe unajua imeenda vibaya baada ya kubonyeza, na enzi za filamu ni baada ya siku kadhaa, mwenye sura ashaenda nyumbani.

Septemba 2008 Panasonic ikatangaza Lumix G1, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo. Badala ya kioo, sensa yenyewe inasoma mwanga muda wote na kutuma picha kwa skrini ndogo ndani ya dirisha. Sony ikafuata na NEX mwaka 2010, kisha α7 mwaka 2013, ikiweka sensa ya ukubwa wa fremu ya 35mm ndani ya mwili mdogo. Mwaka 2018 Nikon na Canon, wazee wa kioo wenyewe, wakaja na Z na EOS R. Mjadala ukaisha hapo.

Wengi hukuambia faida ni uzito na ukimya. Ni kweli. Wengine watakuambia ni lenzi, na hiyo pia ni kweli na ni tamu. Kioo kilihitaji nafasi, kwa hivyo lenzi ilikaa mbali: milimita 46.5 kutoka kwa filamu kwa Nikon F, 44 kwa Canon EF. Kioo kikitoka, Nikon Z ikashuka hadi 16, Canon RF hadi 20, Sony E ni 18. Hiyo nafasi iliyobaki ndiyo inakuruhusu kuweka adapta na kutumia lenzi kuukuu ya kamera ya filamu uliyookota kwa bei ya kawaida, mkono ukizungusha fokasi. Kwa kijana asiye na doh ya lenzi mpya, huo ni mlango umefunguliwa.

Lakini kwangu, faida kubwa ya mirolesi haiko kwa begi wala kwa adapta. Ukiiacha kamera ionyeshe mwanga halisi wa mpangilio wako, unaona picha kabla ya kuipiga. Uso ukizama, unauona ukizama. Unazungusha gurudumu la kuongeza ama kupunguza mwanga, uso unarudi mbele ya macho yako, na histogramu iko pembeni inakuonyesha kama kuna kitu kinachomeka. Uamuzi ule uliokuwa unafanywa kimya kimya na mashine, kwa kipimo cha mtu mwingine, sasa unafanyika mbele yako na unaweza kuukataa palepale. Shirley hana kiti tena, isipokuwa umpe wewe.

Na tunampa.

Shirley anarudi kwa bei ya ofa

Ukipiga kwa faili ghafi, ile kamera inaita RAW, unapata mavuno yote ya sensa. Kamera nyingi zinaandika biti 14, ambazo ni viwango 16,384 kwa kila rangi. JPEG ni biti 8, viwango 256. Kwa ngozi nyeusi hiyo tofauti si mbwembwe, kwa sababu utajiri wetu mwingi unaishi sehemu za chini za mwanga, pale ambapo faili nyembamba inaanza kukatakata. Lightroom ilipotoka rasmi mwaka 2007, kazi yake ilikuwa hiyo: kukupa faili ghafi na slaida za kuamua mwenyewe.

Halafu kukaja preseti. Bonyeza mara moja, slaida zote zinakaa mahali mtu mwingine alipozikalisha. Msee wa nje anazipanga kwa picha zake, za watu wake, kwa jua la kwao, anaziuza kama kifurushi, na sisi tunalipa kwa simu. Hebu tuangalie ndani ya preseti moja ya "mwonekano wa filamu" kuna nini.

Kwanza, nyeusi imeinuliwa, ile hali ya kufifia. Kwa mtu mweupe, inayofifia ni koti na nywele. Kwa mtu mweusi ngozi yenyewe iko karibu na hapo, kwa hivyo inayofifia ni uso. Anageuka jivu.

Pili, slaida ya rangi ya chungwa. Hii ni muhimu. Ngozi ya binadamu, awe wa Lodwar ama wa Oslo, iko kwa familia moja ya rangi, chungwa ikielekea nyekundu. Kinachotofautiana zaidi ni giza na wepesi. Preseti nyingi za "ngozi safi" zinapandisha mwanga wa chungwa na kupunguza ukolezi wake. Kwa aliyezipanga, hiyo inaondoa wekundu wa mashavu. Kwa mteja wako kutoka Kisumu, umemchubua. Bila krimu, bila kumuuliza, na ukamtumia picha 80 za harusi yake akiwa mtu mwingine. Mama yake ataziweka ukutani. Miaka 30 mbele wajukuu wataamini nyanya yao alikuwa hivyo.

Hapo ndipo najua hii si stori ya ladha tu. Ladha ni yako, na ukitaka kufifisha kila kitu kwa picha za majengo ya Nairobi, endelea, ni sanaa. Lakini harusi, mazishi, kitambulisho cha familia, hizo ni kumbukumbu. Picha inakuja kuwa ushahidi wa kwamba mtu aliishi na alionekana hivi.

Na usifikirie mashine mpya zenye akili zimemaliza hii kazi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia kwa uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyepesi, kiwango cha makosa hakikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kilifika 34.7. Sababu unaweza kuikisia ukishajua Shirley: sura zilizotumika kufunza zilikuwa za upande mmoja. Baada ya kelele za aina hiyo mambo yameanza kusogea. Mwaka 2021 Google ilileta Real Tone kwa simu za Pixel 6, na 2022 ikachapisha kipimo cha ngozi chenye ngazi 10 kilichoundwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Ni hatua nzuri. Lakini ona mfuatano: ni ile ile ya chokoleti. Mtu analalamika, miaka inapita, kampuni inasogea. Hatuwezi kuifanya hiyo kuwa mpango wetu wa maisha.

Sasa tufanye nini

Historia bila kazi ya kufanya ni maneno ya baa. Kwa hivyo hizi ndizo zangu.

Pima uso, acha ukuta. Weka kipima mwanga kwa sehemu ndogo, kigonge shavuni, halafu uamue kwa macho yako kupitia skrini. Ngozi nyeusi haihitaji kufanywa nyepesi ndiyo ionekane. Ina haki ya kubaki nyeusi na bado kuwa na undani.

Tafuta mwanga wa kuakisi. Ngozi yetu inajichora kwa mng'ao, kama gari jeusi lililooshwa: unaona umbo lake kwa vile linavyorudisha mwanga. Flashi kali ya usoni inafuta hilo umbo. Mlango uliofunguliwa, ukuta mweupe wa jirani ama shuka iliyoshikwa na rafiki vinalijenga. Ava Berkofsky, aliyepiga tamthilia ya Marekani ya Insecure, alieleza mwaka 2017 kuwa hata mafuta ya kujipaka ni sehemu ya kazi yake, kwa sababu ngozi yenye mng'ao inashika mwanga. Nyanya zetu waliotupaka mafuta kabla ya picha ya shule walikuwa mafundi bila cheti.

Jifunze jua la kwetu. Video nyingi za mafunzo zinasifu saa ya dhahabu kama ni saa kweli. Huku karibu na ikweta jua linashuka wima, na huo mwanga laini unakaa chini ya nusu saa hivi. Na saa sita mchana linakaa juu ya utosi, macho yanakuwa mashimo. Panga kazi yako kwa hiyo ratiba, achana na ya Ulaya.

Kuhusu lenzi, usiuze figo. Lenzi ya 50mm f/1.8, hata kuukuu, inaingiza mwanga mwingi kuliko lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, na jioni kwa ukumbi wenye balbu mbili hiyo ndiyo tofauti ya uso na kivuli.

Na preseti? Tengeneza yako. Piga watu wako: rafiki mweusi kabisa, dada wa rangi ya maji ya kunde, binamu mweupe, mzee mwenye mikunjo, wote kwa fremu moja, kwa mwanga wa huku. Faili ghafi. Kisha kaa chini na slaida moja moja hadi wote wanne waseme, "ehe, huyu ni mimi." Hapo hifadhi. Waulize wao, usijiulize tu mwenyewe, kwa sababu fundi wa maabara wa 1954 pia alikuwa ameridhika.

Hiyo ndiyo kadi ambayo Kodak haikututumia. Ukiimaliza, nitumie niione, na uandike chini yake majina ya wale wanne, kwa ruhusa yao. Tusiseme tu "kawaida".